Mshauri Huyu Anakula Wapi?

Watu wengi hudhani ya kuwa kituo cha afya huendeshwa kwa dawa na sindano. Kumbe sivyo. Dawa hununuliwa kwa fedha, fedha hutunzwa kwa daftari, na daftari huandikwa na mtu. Mtu huyo akiwa mwizi, au akiwa mwema lakini hakufundishwa kazi, basi siku moja mama ataleta mtoto anayetetemeka kwa malaria, mwuguzi atafungua kabati, na ndani hamna kitu. Hapo ujuzi wote wa mwuguzi haufai neno.

Sisi tunaoandika maneno haya tu watu wa komiti ya kituo kimoja kidogo cha afya hapa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Miongoni mwetu yumo mvuvi, yumo mwalimu, wamo akina mama wawili wa soko, na mzee mmoja aliyekuwa karani wa reli. Hatukusomea utawala. Ndiyo maana ilitupasa kutafuta mtu wa kutushauri, na katika kumtafuta tulijifunza mambo ambayo twaona yafaa kuwagawia wenzetu, kwa kuwa haja hii si yetu peke yetu.

Kwanza tueleze jinsi vituo vyetu vinavyoishi. Nchi ya Kongo imegawanywa katika zoni za afya. Mpango huo ulipangwa katika miaka ya 1980, baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, ambamo mataifa yalikubaliana kwamba matunzo ya afya yaanzie karibu na watu, si katika hospitali kubwa za miji tu. Hapo mwanzo zoni zilikuwa 306. Leo zimepita 500. Mkoa wetu wa Tanganyika una zoni 11. Kila zoni ina ofisi yake na daktari wake mkuu, nayo imegawanywa katika maeneo madogo yenye vituo vya afya. Kila kituo kina mwuguzi mkuu, na komiti ya wakaaji wa mahali pale.

Mpango huo ni mzuri. Lakini fedha za serikali hazitoshi, na wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali, au hupata posho kidogo tu. Kwa hiyo kituo huishi kwa yale wanayolipa wagonjwa. Kwa fedha hizo hizo twanunua dawa, sabuni na karatasi, twaziba paa linapovuja, na twawagawia wafanyakazi kitu cha kuwapeleka sokoni.

Fikirini maana ya jambo hilo. Kila franka inayopotea katika kituo imetoka mkononi mwa mgonjwa: mvuvi wa dagaa ambaye hakwenda ziwani siku tatu kwa homa, au mama muuza mihogo aliyemwacha mtoto wake mkubwa kwenye meza ya biashara ili ampeleke mdogo kutibiwa.

Tena kuna jambo baya zaidi. Katika hospitali nyingi za nchi yetu, mgonjwa asiyeweza kulipa huzuiwa. Mwanamke amepasuliwa ili ajifungue, amepona, mtoto ananyonya vizuri, lakini hawaruhusiwi kutoka mpaka ndugu walete fedha. Anakaa majuma, pengine miezi, akilala chini ili kitanda kipewe mwingine. Mwenye kuendesha hospitali kwa namna hiyo si lazima awe na moyo wa jiwe. Mara nyingi ni mtu aliyebanwa na hesabu, akaambiwa na mtu mwingine kwamba hakuna njia ila hiyo. Basi ndugu wasomaji, mwaona ya kuwa mshauri wa hesabu katika kazi ya afya si mshauri wa hesabu tu. Neno lake laweza kumfungulia mama yule mlango, au kumfungia.

Habari ilipoenea kwamba twatafuta mshauri, walipatikana watu watatu.

Wa kwanza alikuja mwenyewe. Alikuwa na mkoba wa ngozi na kompyuta, na maneno yake yalikuwa matamu. Alituambia kwamba katika miezi sita mapato ya kituo yatazidi maradufu. Tulipouliza kwa njia gani, alisema: bei ipande, kila mgonjwa apimwe damu hata kama haina haja, na wasio na kitu waelekezwe kwingine. Ujira wake ungekuwa sehemu moja ya kumi ya mapato yote ya kila mwezi. Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hatukumkataa kwa sababu ya kujitembeza, maana hata mtu mwema huweza kubisha hodi. Tulimkataa kwa hesabu. Mtu anayekula sehemu ya mapato hupata zaidi kila mgonjwa anapolipa zaidi. Wakati wa mvua malaria ikizidi, sisi tunalia na yeye anashiba. Hata angekuwa mtu wa haki, tungekuwa tumemfunga kamba shingoni ya kumvuta upande mmoja siku zote.

Wa pili alikuwa kinyume chake. Hakutaka ujira hata kidogo. Alisema atafanya kazi kwa kuwapenda watu wa Kalemie. Shauri lake la kwanza lilikuwa tuache kununua dawa tulikozoea, tununue katika duka moja la mjini ambalo angetuonyesha. Hapo mzee wetu wa reli, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, akamwuliza swali moja tu: “Mwanangu, wewe unakula wapi?” Yule bwana akacheka, akasema Mungu hamtupi mja wake. Mzee akajibu kwamba hayo ni kweli, lakini hata hivyo angependa kujua. Tukaulizia polepole mjini, tukaambiwa ya kuwa mwenye duka humpa kitu kwa kila katoni inayonunuliwa kwa mkono wake. Basi ujira ulikuwapo, ila ulifichwa ndani ya bei ya dawa, na mgonjwa ndiye angeulipa bila kujua.

Wa tatu hakuja. Sisi ndio tuliomfuata. Alikuwa mama mmoja mtunza hesabu, ambaye zamani alifanya kazi ya utawala katika hospitali kusini ya hapa. Tulisikia habari zake kwa wauguzi, si kwake. Alitaja bei ya kazi nzima, kwa siku zilizohesabiwa, bila kujali mapato yatapanda au yatashuka. Bei hiyo haikuwa ndogo, na akina mama wa soko walijaribu kuishusha kama ilivyo desturi. Alipunguza kidogo, kisha akasema: “Chini ya hapo, mama zangu, itanibidi nitafute kwingine cha kujazia, nanyi hamtapenda ninakokipata.” Neno hilo lilitupendeza kuliko mkoba wa ngozi.

Kwa hiyo swali la mzee ndilo tunaloliweka mbele ya mengine yote. Kabla hujauliza mshauri amesoma wapi, uliza anakula wapi. Elimu yake ni nzuri, lakini elimu humfuata mwenye kuilipa. Kama faida yake inazidi wagonjwa wanapolipa zaidi, au dawa fulani inaponunuliwa, au ninyi mnapozidi kumhitaji, basi hata ushauri wake ulio sawa mtautia shaka, na mtakuwa na haki ya kutia shaka.

Baada ya swali hilo yako mengine. Tazameni anaanzia wapi kazi yake. Mama yule siku ya kwanza hakuomba daftari la fedha. Aliomba ufunguo wa depo. Aliingia pamoja na mwuguzi mkuu, wakahesabu vidonge kopo kwa kopo, wakalinganisha na fishi, yaani kile kikaratasi cha kila dawa kinachoandikwa zilizoingia na zilizotoka. Akatufundisha kupanga makopo ili dawa itakayoharibika mapema itoke mapema. Kisha akauliza swali linaloihusu Kalemie hasa: dawa hukawia muda gani njiani? Hapa kwetu mizigo huja kwa meli na maboti ya ziwa, kwa reli ya kutoka Kabalo, kwa ndege, au kwa barabara ambazo mvua huzikata. Tuseme kituo hutumia vidonge 2,000 vya dawa fulani kwa mwezi, na dawa hiyo hukawia miezi mitatu. Basi siku mnapobaki na vidonge 6,000 si siku ya kujisifu kwamba depo imejaa. Ni siku ya kuagiza. Mshauri aliye Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, aweza kuwa na akili nyingi na asilijue jambo hilo. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Akaja kwenye fedha. Alitufundisha kulinganisha vitu vitatu kila mwisho wa mwezi: daftari la wagonjwa, vipande vya risiti, na fedha zilizo sandukuni. Tuseme daftari laonyesha wagonjwa 300, risiti ni 270, na fedha ni za watu 250. Wale 30 wa kwanza huenda ni maskini waliosamehewa. Basi majina yao yaandikwe, na komiti iyajue. Lakini wale 20 wa pili walilipa wakapewa risiti, na fedha zao hazipo. Hapo hakuna habari ya maskini. Hapo pana swali, nalo liulizwe mbele ya wote, bila matusi na bila kuogopa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Vilevile alitugawia kazi. Anayepokea fedha asiwe ndiye anayeandika daftari, na anayeandika daftari asishike ufunguo wa sanduku. Ziwa letu hupokea mito mingi, lakini maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, unaoanzia hapa hapa Kalemie. Na fedha za kituo ziwe vivyo hivyo: ziingie kwa njia nyingi, lakini zitoke kwa mlango mmoja unaoonekana na watu wote, na penye mlango huo pawe na sahihi mbili.

Mambo hayo si uchawi, wala si mageni. Desturi ya kuandika kila fedha mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, ilielezwa katika kitabu cha Luca Pacioli, mtawa Mfransisko, kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494. Wafanya biashara walikuwa wakiitumia hata kabla yake. Kwa hiyo mtu akija na kusema ana siri ya hesabu ambayo hamwezi kuielewa, mwambieni aifundishe kwanza. Asipoweza kuifundisha, huenda haijui. Asipotaka, huenda anataka mmtegemee daima. Twakijua kituo kimoja, ambacho hatutakitaja, kilichowekewa hesabu zake zote katika kompyuta na mtu wa namna hiyo. Alipogombana na wakubwa wake aliondoka na neno la siri la kuifungulia, na kituo kikaanza upya kwa kalamu.

Na juu ya bei za wagonjwa, alitueleza njia mbili zinazojulikana katika nchi yetu. Ya kwanza ni kulipia kila kitu mbalimbali: kipimo hiki, sindano ile, vidonge hivi. Hapo mgonjwa hajui mwisho wa bei, naye mara nyingi hununua nusu ya dawa na kuacha nusu. Ya pili ni bei moja kwa ugonjwa mmoja, tangu siku ya kwanza mpaka kupona. Hapo mgonjwa ajua tangu mlangoni atakacholipa, na mwuguzi hana faida ya kuzidisha sindano. Lakini alituonya ya kuwa njia hii nayo ina hatari yake: kituo kisichoangaliwa chaweza kubana dawa ili kibakize fedha. Tuliona vema kwamba alitutajia ubaya wa njia aliyoipendelea. Mshauri asiyejua ubaya wa shauri lake hajalifikiri bado.

Kongo imepata kuona washauri wema. Katika miaka ya 1970 na 1980, huko Kasongo katika Maniema, madaktari wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi pamoja na wenyeji kutafuta namna nzuri ya kupanga vituo vya afya na hospitali. Walikaa, wakajaribu, wakahesabu, na mambo waliyojifunza huko yalisaidia kupanga zoni za afya. Mwaka 1986, huko Bwamanda, kaskazini-magharibi ya nchi, ilianzishwa bima ya hospitali: watu walilipa mchango mara moja kwa mwaka, na aliyelazwa alilipa sehemu ndogo tu ya bei. Tazameni tofauti na yule aliyetuambia tuwafukuze wasio na kitu. Wote wawili walitaka hospitali ipate fedha, lakini mmoja alitafuta njia ya kumpunguzia mgonjwa mzigo.

Ng'ambo ya ziwa, Karema katika Tanzania, watu hawajamsahau Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasoma udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889. Akakaa huko akitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Hatuwezi kumtaka mshauri wa hesabu akae miaka 67, lakini twaweza kumwuliza: utarudi lini kuona kama shauri lako limezaa au limekufa? Mama yule aliandika katika mapatano yetu kwamba atarudi baada ya miezi mitatu, na tena baada ya sita, na kwamba sehemu ya mwisho ya ujira wake italipwa siku hiyo ya mwisho.

Hayo mapatano yaandikwe, hata kama mshauri ni ndugu, tena hasa akiwa ndugu. Yaseme kazi ni ipi, siku ni ngapi, bei ni kiasi gani na italipwa kwa mafungu mangapi. Yaseme kwamba madaftari, karatasi na maneno ya siri ya kompyuta ni mali ya kituo. Yaseme kwamba mshauri hashiki fedha wala hatii sahihi benki, maana kazi yake ni kushauri na kazi yetu ni kuamua. Tena yaseme kwamba daftari la wagonjwa halitoki nje ya kituo wala halipigwi picha kwa simu. Ndani yake mna majina ya watu na magonjwa yao, na siri ya mgonjwa haiuzwi wala haikopeshwi.

Na kabla ya kulipa mtu yeyote, anzeni na wale ambao mnao tayari. Ofisi ya zoni ina daktari mkuu, ina mtu wa utawala, na ina wakaguzi ambao kazi yao ni kuvizungukia vituo. Majimbo ya Kanisa Katoliki nayo yana ofisi zao za kazi za afya, ziitwazo BDOM, zenye watu waliozoea hesabu za vituo. Waombeni wakae nanyi siku moja zaidi ya desturi. Tena mkitaka kumjua mshauri, msiulize wale anaowataja yeye tu. Nendeni kwenye kituo alichokiacha miaka mitatu iliyopita, mwombe karani wa pale awafungulie daftari la mwezi huu. Likiwa limeandikwa vizuri na mkono wa karani mwenyewe, mshauri huyo alifundisha. Likiwa limekoma siku alipoondoka, mmekwisha kupata jibu.

Sisi hatukutajirika. Paa bado lavuja upande wa magharibi, na wafanyakazi bado wapata kidogo. Lakini twajua kidogo hicho ni kiasi gani na kwa nini. Katika kila franka 100 zinazoingia, franka 5 zinaandikwa katika ukurasa wa peke yake kwa ajili ya wasioweza kulipa, na komiti ndiyo inayoamua zitumike kwa nani. Fungu hilo ni dogo mno kwa haja iliyopo. Miezi mingine huisha kabla ya tarehe 20, ndipo twagombana sana mezani kwa ajili ya mgonjwa mmoja au wawili. Hata hivyo twaona afadhali kugombana mbele ya ukurasa ulioandikwa kuliko kunyamaza mbele ya mama aliyezuiwa.

Basi ninyi wenzetu wa Moba, wa Manono, wa Nyunzu na wa Kongolo, na ninyi nyote mnaokaa katika komiti za namna hii, mgeni akija na shauri, mkaribisheni, mpeni kiti na maji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisha, kabla hajafungua kompyuta yake, mzee wa komiti amwulize kwa upole lile swali la karani wa reli, na wote mngojee jibu.